Nyumba ya Ukingoni Pangani

Kwa mgeni, Pangani husikika kabla ya kuonekana. Ukilala mjini usiku wa kwanza, kinachokuamsha ni adhana ya Alfajiri, kisha adhana ya msikiti wa jirani, kisha mwangwi wa zote mbili ukirejea kutoka kilima cha Bweni, ng'ambo ya mto. Baada ya swala huja mngurumo wa injini ya kivuko, na baada yake sauti za wachuuzi wa samaki wanaozingoja mashua ziingie na maji kujaa. Jua likichomoza ndipo unapouona mto wenyewe: mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukienda kasi kuelekea baharini, au, ikiwa bahari inajaa, ukirudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mto huu umetoka mbali. Maji yake huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakakusanywa na mito ya Ruvu na Kikuletwa hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakateremka kupitia Korogwe na Hale, yakizungusha mitambo ya umeme njiani, hadi hapa yanapokutana na Bahari ya Hindi. Ni safari ya takriban kilomita 500. Mji umekaa ukingo wa kaskazini, mahali tambarare. Upande wa kusini ndiko Bweni, na kilima chake kinatazama mji, mto na bahari kwa pamoja.

Nyumba za kale za mji zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, na hata adhuhuri ya Februari ndani hubaki na ubaridi. Ni nyumba za kupendeza, na mimi ni miongoni mwa waliozipenda. Lakini msomaji asizitazame kwa jicho moja. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Zilishuka hapa pembe za ndovu, na walishuka hapa watu waliofungwa minyororo. Baadhi ya kuta zinazosifiwa na wageni kwa uzuri wake zilijengwa kwa fedha ya biashara hiyo. Na ni katika mji huu, Desemba 1889, Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga. Mji mdogo, lakini umebeba mengi.

Mke wangu ni mwalimu. Alipohamishiwa shule moja ya wilaya hii tulikuwa tukiishi Tanga mjini katika vyumba viwili vya kupanga, na watoto watatu. Tulikuwa na akiba ya miaka 8, shilingi milioni 17, pamoja na kiwanja kidogo ambacho tungeweza kukiuza. Mkopo wa riba hatukuutaka. Wapo wanaodhani Mwislamu anayekataa riba amejifungia mlango wa nyumba maisha yake yote, sivyo. Amana Bank imekuwa ikifanya kazi nchini kwa misingi ya sharia tangu 2011, na zipo benki nyingine zenye dirisha la Kiislamu, ambapo taasisi hukinunua kitu kwanza kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Ila benki ya aina yoyote itauliza jambo moja kabla ya yote: ziko wapi nyaraka za mali? Swali hilo ningepaswa kulibeba mfukoni siku ile niliyokwenda kuiona nyumba.

Ilikuwa katika mtaa wa kale, nyuma ya majengo yanayotazama mto. Mlango wake wa mbao ulikuwa na nakshi zilizokwisha kufutika kwa mikono ya vizazi. Mbele kulikuwa na baraza ya saruji yenye nyufa, na kutoka katika dirisha la ghorofani uliweza kuona kivuko kikivuka na ngalawa zikigeuza tanga. Paa lilivuja, ngazi moja ilikuwa imekatika, na mimi nikaona vyote hivyo kama mambo madogo. Bei ilikuwa milioni 28, nusu taslimu siku ile ile na nusu baada ya miezi sita. Nilisimama dirishani nikaikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (SAW) alizifananisha swala tano na mto unaopita mlangoni kwa mtu, akaoga humo mara tano kwa siku, usibaki uchafu mwilini mwake. Nikajiona ninaswali Alfajiri, kisha nikafungua dirisha lile. Nafsi ikitaka kitu huazima hata hadithi.

Aliyekuwa akiuza ni mtoto wa kwanza wa marehemu mwenye nyumba. Tulikaa barazani, tukaletewa kahawa na kashata.

"Maalim, nyumba hii ni yetu, na ndugu zangu wameniachia mimi," alisema. "Ukilipa nusu leo, Ijumaa unahamia."

"Wamekuachia kwa maandishi?"

"Sisi ni ndugu, Maalim. Ndugu huandikiana?"

Nikacheka. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na nimeifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku ile nilicheka, nikauliza bei ya mabati.

Mke wangu alikuwa amepita ndani kusalimia, kama ilivyo ada. Huko uani alimkuta mwanamke wa makamo amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Akamkaribisha kwa bashasha, akamwambia, "Karibu sana, dada. Kaka hakuniambia kama tuna wageni, ningeongeza mchele." Mke wangu akakaa naye. Akaona godoro lililoanikwa, madaftari ya shule yaliyopangwa juu ya kasha, na nguo za watoto wawili kambani. Yule dada alikuwa mjane, amerudi kwa wazazi wake baada ya eda, na amekaa katika chumba cha uani mwaka wa nne sasa.

Mke wangu aliniita pembeni. "Baba watoto, yule dada anaishi humu. Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui tumekuja kufanya nini."

Hapa sina budi kusema kweli, ingawa wako watakaonisoma wakiwa wananifahamu. Kwa muda wa dakika moja hivi nilijiambia kwamba hayo ni mambo yao, kwamba kaka mkubwa anajua namna ya kuwaambia wadogo zake, na kwamba mimi ni mnunuzi tu. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimesimama mbele ya watu msikitini kwetu kuwaeleza mafungu ya mirathi. Dakika ile naikumbuka zaidi kuliko ninavyolikumbuka darsa lile.

Nikarudi barazani, nikauliza marehemu ameacha nani. Mama yao alitangulia, baba akafuata. Wamebaki wanaume wawili na wanawake watatu. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa mujibu wa aya ya 11 ya Surat an-Nisaa mwanamume hupata fungu la wanawake wawili, basi mali ile ni mafungu saba: mawili ya huyu, mawili ya mdogo wake aliyeko Muscat, na moja moja kwa kila dada. Katika milioni 28 kila fungu ni milioni 4. Yule ndugu alikuwa akiuza saba ilhali yake ni mawili. Mafungu mengine matano, katika madhehebu yetu ya Shafi, hana njia ya kuyauza bila idhini ya wenyewe. Mauzo ya asiye mmiliki wala wakili ni batili tangu yanapofungwa. Hata yale mawili yake, wanachuoni wamempa mshirika haki ya shufaa, yaani haki ya kuyanunua yeye kwanza kabla ya mgeni, ijapokuwa wamehitilafiana kuhusu nyumba ndogo isiyogawanyika.

"Dada zangu wameolewa," alisema.

"Mmoja ni mjane, yumo humu ndani."

"Anakula kwangu huyo, Maalim."

"Fungu lake si chakula, ndugu yangu."

Hakupendezwa. Alisema kuna mtu wa Dar es Salaam atakayekuja Jumamosi na fedha zake bila maswali. Nikamjibu kuwa inawezekana. Tulipotaka kuondoka, yule dada akatoka na sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakataa katakata tuondoke na njaa. Tukala. Sijawahi kula chakula kitamu kwa uzito ule wa moyo. Kabla hatujavuka kizingiti mke wangu alirudi uani akamweleza yule dada kilichotuleta, na hakuniomba ruhusa. Hadi leo sina hakika kama ile ndiyo iliyokuwa njia bora ya kuupeleka ujumbe. Ninachojua ni kwamba mimi nisingethubutu.

Kwa nini nimeyaandika haya katika makala ya mahali pazuri? Kwa sababu habari ya namna hii haipo Pangani pekee, na kwa sababu siku hizi inakwenda mbio. Barabara ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani inajengwa, pamoja na daraja kubwa la kuuvuka mto huu. Ni neema. Lakini ardhi ambayo jana haikuwa na anayeiuliza leo ina madalali, na sehemu kubwa ya nyumba na mashamba ya minazi ya pwani hii bado yako katika jina la marehemu. Babu alikufa, mafungu hayakutolewa, baba naye akafa, na leo mjukuu aliye karibu na barabara ndiye anayeonyesha mipaka kwa mnunuzi. Anayenunua kwa haraka hununua kesi, na mara nyingi hununua dhuluma juu yake.

Tuliamua kupanga kwanza. Tukapata vyumba Bweni, kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu, na hapo ndipo nilipoanza kuujua mto badala ya kuutazama.

Kuishi kando ya mto wenye maji ya kupwa na kujaa ni kuishi na saa ya pili. Watoto wetu walijifunza upesi kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupanda sana na kushuka sana. Katikati yake ni maji mafu, na mashua haziwi na haraka. Walijifunza pia kutoogelea ovyo kwenye vijito vya juu, kwa kuwa mamba wapo na hawana ada ya kujitambulisha. Jioni, baada ya Alasiri, wavuvi hukaa chini ya miti wakishona nyavu, kina mama huteremka na ndoo kuchagua samaki, na mzee mmoja mwenye dele la kahawa hupita akigonganisha vikombe. Magharibi ikiadhiniwa ukingo hubaki mtupu kwa robo saa, kisha watu hurudi mmoja mmoja. Furaha ya namna hii haigharimu kitu. Nimewahi kusikia watu wakizungumza kama kwamba Mwislamu mwenye ari hafai kusema anafurahia maisha. Lakini Mtume (SAW) alihesabu makazi ya wasaa na jirani mwema miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, na mimi sioni kwa nini nijifanye mchaji kuliko hapo.

Kivuko ni shule ya aina yake. Hupandwa na kila kitu: pikipiki, magunia ya nazi, ng'ombe, mgonjwa aliyelazwa juu ya machela, bibi harusi aliyejifunika. Kikiwa upande wa pili huna la kufanya ila kungoja, na katika kungoja huko watu husalimiana mpaka habari zikaisha. Madeni mengi yameulizwa hapo, na posa mbili kwa kumbukumbu yangu. Daraja likikamilika tutavuka kwa dakika chache, na mgonjwa wa usiku hatangoja. Ninalisubiri daraja kwa shukurani. Hata hivyo, nitaikosa ile subira ya kulazimishwa.

Mto pia una maradhi. Ukipanda na mtumbwi utaona minazi iliyosimama bila vichwa, safu kwa safu. Maji yanayofika huku yamepungua kwa kuwa mengi hutumika huko juu katika mashamba na mabwawa, na penye upungufu bahari hupanda mtoni na chumvi yake. Kingo nazo humeguka. Kuna mahali wazee hukuonyesha katikati ya maji wakakwambia hapo palikuwa na shamba. Upande wa mjini umejengwa ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Kwa hiyo dalali mmoja aliponipeleka kwenye kiwanja ambacho maji yalikuwa yakigusa mpaka wake, akisifu kwamba nitavulia samaki barazani, sikukaa sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Aliposikia hivyo akasema watu wanajenga. Kweli wanajenga.

Nyumba tuliyoinunua hatimaye iko juu kidogo kwenye mteremko wa Bweni, mbali na mto kwa hatua zangu zaidi ya 200. Ni vyumba viwili na ukumbi, matofali ya saruji, hakuna nakshi wala ghorofa. Mto unaonekana kati ya minazi minne, na mmoja wao unaegemea vibaya. Wauzaji walikuwa mume na mke, wazee wanaohamia kwa mtoto wao Handeni. Niliomba mke naye asaini, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Bibi yule alicheka akasema katika miaka yake yote ya ndoa ni mara ya kwanza kuulizwa kwa kalamu. Tukapita kwa mwenyekiti, tukaitembea mipaka na majirani wote, tukaandikiana mbele ya mashahidi. Nilikwenda pia ofisi ya ardhi ya wilaya kuuliza kama eneo limepimwa na kama lina mgogoro, jambo lililonichukua safari tatu na ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi. Bei ilikuwa milioni 19. Tulitoa 15, na wazee wakakubali 4 zilizobaki tuzilipe kwa miezi kumi bila nyongeza. Tumemaliza mwezi uliopita. Kiwanja cha Tanga bado tunacho.

Nitafutwa na msomaji atakayeuliza habari ya ile nyumba ya mtaa wa kale. Yule mtu wa Dar es Salaam hakuja, au alikuja akaondoka, sikufuatilia. Imamu na wazee wawili waliwakalisha ndugu wale, mmoja akiwa kwenye simu kutoka Muscat, na baada ya vikao vingi wakaenda Mahakama ya Mwanzo akateuliwa msimamizi wa mirathi, ambaye hakuwa kaka mkubwa. Mdogo wao wa Muscat alinunua mafungu mawili ya kaka yake na fungu la dada mmoja, kwa milioni 12, ili nyumba isitoke katika ukoo. Dada mjane amebaki na fungu lake na chumba chake, na sasa anapangisha cha mbele. Nayajua haya kwa kuwa niliitwa kuandika makubaliano. Walisema mwandiko wangu unasomeka. Kaka mkubwa alisaini bila kunitazama. Tukikutana kivukoni huitikia salamu yangu, kwa sauti ndogo, na mimi sidai zaidi.

Kamati ya msikiti wa huku nayo imeshanikabidhi daftari la katibu, kana kwamba nilihama Tanga kulifuata.

Jiko letu bado halijaezekwa. Vuli ikiwahi tutapikia barazani. Mbuzi ya kukunia nazi tumeazimwa na yule dada wa mjini. Ameagiza tusihangaike kuirudisha, ataivukia mwenyewe siku atakayokuja kuiona nyumba.